Msichana wa Kuchagua Rangi

Mutesi hakuwa mtu wa kusahau. Wapo watu ambao ukiwakosea asubuhi, jioni wanakuchekea na kukuuliza habari za nyumbani. Yeye hakuwa mmoja wao. Kosa alilotendewa alilitunza kama wengine wanavyotunza vyombo vya harusi, akilifuta vumbi na kulitazama mara kwa mara lisije likapata kutu. Na kosa alilolitunza kuliko yote lilikuwa la Muhire.

Muhire alilitenda kwa mdomo, mbele ya watu wenye suti, katika hoteli moja ya mjini Kigali. Walikwenda pamoja kuwaonyesha wenye kumbi za sherehe programu yao mpya. Mutesi alikaa mstari wa mbele, tableti mapajani, akingoja kuitwa aeleze alichokitengeneza. Hakuitwa. Muhire alizungumza peke yake mwanzo mpaka mwisho, "mimi nilifikiri hivi, mimi nikachora vile," na mtu mmoja alipouliza yule dada pale ni nani, Muhire akatabasamu.

"Huyo ni Mutesi," akasema. "Msichana wetu wa kuchagua rangi."

Watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Mutesi naye akacheka. Hilo ndilo lililokuja kumuuma zaidi baadaye, kwamba meno yake mwenyewe yalimsaliti.

Sasa, ili uuelewe uchungu wake, ni lazima ujue alikuwa ametengeneza nini, na alikitoa wapi.

Mutesi alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, ambako wazazi wake Wanyarwanda waliishi miaka mingi kabla ya kurudi. Mama yake alikuwa na kawaida ya kuchambua maharage mlangoni, ungo mapajani, na mtoto akikaa kando yake kutazama. Mama hakuliambia harage bovu litoke. Aliliona, akalishika, akaliweka pembeni, na palepale ungo ukaonyesha kwamba limetoka. Akikosea akalitoa zima, mkono uleule ulilirudisha. Miaka ilipita, Mutesi akaja kusomea kompyuta Kigali, na mwalimu akajaza ubao kwa majina makubwa makubwa ya namna mtu anavyopaswa kuvishika vitu vya kwenye kioo. Mutesi akajisemea moyoni: huu si ungo wa mama? Kitu kionekane. Ukishike chenyewe, usiandike jina lake na kukipelekea amri kama karani. Kikujibu papo hapo, kidole kingali juu yake. Na ukikosea, njia ya kurudi isiwe mbali.

Kwa msingi huo akaanza kutengeneza programu ya kupanga viti vya sherehe. Usicheke. Kigali hii mtu anaweza kukusamehe tusi, lakini hawezi kukusamehe kiti. Katika sherehe ya kuomba mchumba, familia mbili hukaa chini ya mahema mawili yanayotazamana, katikati pameachwa uwanja wa wacheza ngoma na njia ya ng'ombe wa mahari. Anayekaa mbele ni nani, anayekaa nyuma ya nani ni nani, ukoo mzima unatazama. Kabla ya Mutesi, mambo hayo yalipangwa kwenye kompyuta kwa herufi na namba: hema A, mstari wa pili, kiti fulani, fulani bin fulani. Shangazi wa watu anageuzwa namba, na namba ikikosewa ndipo ugomvi unapoanza.

Mutesi aliichora bustani yenyewe kwenye kioo, majani, mahema, viti, njia ya ng'ombe. Kila mgeni akawa sura yake mwenyewe, picha ndogo ya duara. Ukitaka kumhamisha, unamgusa, unamburuta, unamkalisha. Mstari ukiwa umejaa, unamshikilia kati ya viti viwili kwa muda wa pumzi moja, na vile viti vinasogea vyenyewe kumpisha, kama watu waungwana wanavyobanana kwenye benchi la kanisani. Juu kulikuwa na mshale wa kurudi nyuma, unaofuta kosa lolote.

Na kona ya chini, kulia, ndipo alipoumiza kichwa kuliko kwingine kote. Mtu ambaye hujajua umkalishe wapi, umweke wapi? Programu za wenzake zilikuwa na pipa la taka. Mutesi alikataa katakata. Alisema sura ya mtu ni mtu, na mtu hatupwi. Badala yake akachora uzio wa miti na mti mmoja wenye kivuli. Ukimpeleka mgeni pale anasimama, anaonekana, anangoja. Hapotei hata kidogo, mpaka kidole kimfuate.

Hiyo ndiyo kazi ya msichana wa kuchagua rangi.

Walikuwa wawili tu katika gereji moja ya kukodi kule Kagugu, yeye mwenye mkono na Muhire mwenye mdomo. Muhire alikulia Kampala na alijua kuongea na wakubwa mpaka wakubwa wenyewe wakadhani wanaongea na mwenzao. Baada ya siku ile ya hotelini, Mutesi akagundua kwamba programu imeandikishwa kwa jina la Muhire peke yake. Alipouliza, akajibiwa kwa upole kwamba yeye alikuwa kibarua tu, na vibarua hawakosekani. Akachukua tableti yake na mkoba wake, akaondoka. Hakulia mbele yake. Alilia Kinyinya, kwenye chumba chake, na kelele za wajenzi wa jirani zikamsitiri.

Kazi nyingine aliipata Rebero, kwenye bustani ya sherehe ya mama mmoja aitwaye Jovia, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Hapo Mutesi aliendelea kutumia programu yake ya zamani, ile yenye uzio, iliyobaki kwenye tableti yake. Jovia alinunua skrini kubwa akaisimamisha kando ya uwanja ili wageni waone pa kukaa, na akaweka sheria moja kwa wasichana wa protokoli wanaopokea wageni: kilichoko kwenye skrini ndicho kiwe kwenye majani. Sura ikihama, wanamfuata mwenye sura na kumhamisha. Hawaulizi mara mbili.

Basi Mutesi akapanga viti vya watu, harusi baada ya harusi, na kosa lake akalitunza.

Siku moja Jovia akaja mbio, viatu mkononi.

"Mutesi sha, kaa chini kwanza. Iko sherehe moja inakuja, ya kuomba na kukwa, kutoa mahari. Bwana harusi ni yule wako."

"Wangu nani?"

"Muhire. Anaoa mtoto wa watu, Raïssa, familia ya wale walirudi kutoka Burundi. Na anasema tusitumie programu yetu. Anataka yake mpya, ya kisasa, watu waone. Nimkatae?"

Mutesi akampokea Jovia viatu, akavipanga chini. "Usimkatae," akasema. "Mwambie karibu sana."

Muhire hakuja mwenyewe. Alituma tableti yenye programu yake na picha za wageni wa pande zote mbili, na Mutesi akaenda nazo Kinyinya, akaketi kitandani, akaifungua ile kazi kama mtu anayeingia katika nyumba aliyoporwa. Ukuta ulikuwa uleule. Majani yalikuwa yaleyale, hata rangi zilikuwa zilezile. Viti bado vilisogea ukimshikilia mtu katikati, maana Muhire hakujua kwamba kitu hicho kipo, na usichokijua huwezi kukiharibu. Lakini mshale wa kurudi nyuma ulikuwa umeondolewa, eti kioo kionekane safi. Na kule kona ya chini, kulia, uzio na mti wa kivuli havikuwepo. Palikuwa na pipa la chuma linalong'aa.

Mutesi akatafuta picha ya kujaribia, akakuta ya kwake mwenyewe, maana hata wafanyakazi wa bustani walikuwa na sura zao kwenye mpango. Akaishika, akaiburuta mpaka konani. Pipa likafungua kifuniko, likammeza, likatoa sauti ya karatasi inayofinyangwa. Kisha neno moja likatokea: Imefutwa. Akagusa huku, akagusa kule, akatafuta njia ya kumrudisha Mutesi, na njia haikuwepo.

Akakaa akitazama mahali sura yake ilipokuwa. Ilimuuma kuliko alivyotarajia. Alijua ni picha tu, lakini aliona wazi kwamba hivi ndivyo Muhire alivyomfanya, kwa kidole kimoja, bila hata kugeuka kutazama.

Angeweza kumpigia simu. Angeweza kusema, ndugu yangu, pipa lako lina hatari, na mbele ya wakwe pipa si kitu cha kuchezea. Muungwana angepiga. Mutesi alizima taa akalala, na asubuhi akaamka na mpango kamili kichwani. Dawa ya moto ni moto.

Kilichobaki ni kuitia ile tableti mikononi mwa Muhire mwenyewe. Kwa hilo mila ilimsaidia. Katika kuomba mchumba, msemaji wa wenyeji ana ruhusa ya kuwasumbua wageni. Anawatania, anawabania, anawapa majaribu, na wageni wanatakiwa kuvumilia na kujibu kwa ufundi. Msemaji wa upande wa Raïssa alikuwa mzee Léonidas, mwalimu mstaafu aliyekulia Bujumbura, mwenye ulimi unaokata pande zote mbili. Alikuja kukagua bustani siku moja kabla ya sherehe, na Mutesi akamtembeza.

"Mzee," akamwambia kwa upole, "bwana harusi anasema hii programu aliitengeneza kwa mikono yake. Kesho utamwomba ng'ombe tu? Mwombe na viti."

Léonidas akasimama. "Namna gani?"

"Kuna shangazi mmoja nimemweka mstari wa pili. Naona angestahili mbele. Mwambie bwana harusi amhamishe yeye mwenyewe, kwa kidole, wote tuone kwenye skrini."

Mzee akacheka mpaka akashika fimbo yake kwa mikono miwili. "Ego, ndiyo! Umenipa mkuki, mwana wanje. Na shangazi mwenyewe ni Épiphanie! Huyo ndiye alimlea Raïssa."

Mutesi alilijua hilo. Aliuliza mapema, na alimweka Épiphanie mstari wa pili kwa makusudi. Kisha, mzee alipoondoka, akachukua tableti yake ya zamani, akaingiza picha zote za wageni, akamkalisha kila mtu mahali pake, Shangazi Épiphanie pia. Hakutaka sherehe ivunjike. Alitaka kitu kimoja tu, kwamba Muhire aseme kwa mdomo wake uleule, mbele za watu, kazi ile ni ya nani.

Siku yenyewe jua lilikuwa la kirafiki na bustani ilijaa. Raïssa alikuwa ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, akingoja kutolewa. Muhire aliingia na wenzake, amevaa nguo nyeupe na kitambaa cha kimila begani, fimbo mkononi, akinukia manukato mpaka kwenye skrini alipokuwa Mutesi. Alipomwona alisita kidogo, kisha akamtikisia kichwa kama unavyomtikisia mlinzi wa getini. Mutesi akamrudishia, kwa adabu zote. Programu ya Muhire ilikuwa inawaka pale juu, kubwa kama ukuta, na wageni walikuwa wanaisifia.

Mzee Léonidas akaanza kazi yake. Akawauliza wageni kama wamepotea njia. Akawauliza kama ng'ombe wao wana pembe au waliziazima. Msemaji wa wageni akajibu vizuri, watu wakapiga makofi, mambo yakaenda kama yanavyokwenda. Kisha Léonidas akainua fimbo.

"Tumesikia kijana wenu ni fundi," akasema kwa Kinyarwanda chake cha heshima, taratibu, kila neno likitua. "Tumesikia ile bustani ya kwenye kioo ameitengeneza yeye. Ni kweli?"

"Ni kweli kabisa," akajibu msemaji wa wageni, na Muhire akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu anayesifiwa.

"Basi sisi hatutoi mtoto kwa sifa za kusikia. Shangazi wa Raïssa amekaa mstari wa pili. Tunataka aje mbele, kati ya baba na mama. Fundi amlete."

Makofi. Kicheko. Jaribu zuri, kila mtu alilipenda. Mutesi akamsogelea Muhire na ile tableti, akamkabidhi kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Mtu mwingine akampa kipaza sauti.

Muhire hakuwahi kuitumia programu ile. Nasema kweli. Aliizungumzia kila mahali, aliiuza, alipigwa nayo picha, lakini kuigusa aliachia wengine. Akaweka kidole juu ya sura ya Shangazi Épiphanie, akamburuta mpaka mbele, akamwachia. Mbele pamejaa. Shangazi akarudi mwenyewe mstari wa pili, mbele ya macho ya wote. Watu wakacheka. Akajaribu tena kwa haraka zaidi, na Shangazi akarudi tena. Angengoja pumzi moja tu, viti vingempisha. Mutesi alikuwa amesimama karibu kabisa, na neno "ngoja" lilikuwa mdomoni mwake. Akalimeza.

Jasho likamtoka Muhire. Ndipo akakumbuka. Kule Kagugu alikuwa akimwona Mutesi, kila anapokwama, anamvuta mtu mpaka kona ya chini, kulia, anamwacha pale kidogo, kisha anamrudisha. Mkono wa Mutesi aliukumbuka, kama Mutesi alivyotarajia. Kilichokuwa konani zamani hakukikumbuka, wala kilichopo sasa hakukifikiria, ingawa ni yeye aliyeagiza kiwekwe. Akamshika Shangazi, akamvuta mpaka konani, akamwachia.

Pipa likafungua kifuniko. Likammeza Shangazi Épiphanie, na kwa kuwa tableti ilikuwa imeunganishwa na spika za sherehe, sauti ya karatasi inayofinyangwa ikasikika bustani nzima, labda mpaka kwa jirani. Kisha, kwa herufi nene: Imefutwa.

Kicheko kilianza, kikakatika katikati.

Msichana mmoja wa protokoli, mtiifu kwa sheria ya Jovia, akatazama skrini, akatazama mstari wa pili, akamwendea Shangazi. "Mama, samahani," akasema, karibu kulia. "Hapa hauko tena."

Shangazi Épiphanie akainuka. Alikuwa mwanamke mrefu, vazi lake la mshanana la rangi ya dhahabu, na alipoinuka, mstari mzima nao uliinuka. "Mimi?" akasema. "Wamenitia kwenye pubeli? Kwenye takataka, mimi?"

Muhire aligusa kioo kama mtu anayetafuta funguo gizani. Hapakuwa na mshale. Hapakuwa na kitu. Léonidas sasa hakuwa akitania. Baba wa Raïssa akamnong'oneza, naye akatangaza: "Mzazi anasema binti hatoki nyuma ya pazia mpaka shangazi yake arudi mahali alipotolewa. Hatutoi mtoto kwa nyumba inayotupa wakubwa."

Msemaji wa wageni, yule mwenye majibu, akaketi. Mahema yote mawili yalimtazama Muhire, na Muhire akamtazama Mutesi.

Jamani, kuna utamu ambao asali haina. Mutesi aliusikia ukishuka kooni, akauacha ushuke polepole.

"Mutesi," Muhire akanong'ona, akisahau kwamba kipaza sauti kiko mkononi. Bustani nzima ikasikia. "Saidia. Nakuomba rwose. Mrudishe."

"Mimi naweza nini, Muhire?" Mutesi akajibu kwa sauti ya kutosha. "Mimi ni msichana wa kuchagua rangi."

Rangi ikamtoka Muhire usoni. Nyuma ya pazia kitu kilisogea, labda Raïssa mwenyewe amekuja kusikiliza. Mutesi alisimama tu, tableti yake ya zamani kifuani, akangoja kama alivyokuwa amengoja siku zote hizi.

"Ni yeye," Muhire akasema hatimaye. "Huyu ndiye aliitengeneza. Viti, sura, yote. Mimi niliuza tu. Na nilisema uongo."

"Rudia," akasema Léonidas. "Hema la kule hawakusikia."

Akarudia. Mutesi angependa arudie mpaka jioni, lakini alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake. Akaitenganisha skrini na tableti ya Muhire, akaiunganisha kwa mtandao na ya kwake. Bustani ikawaka upya, na kona ya chini, kulia, pakawa na uzio na mti wa kivuli. Shangazi Épiphanie alikuwa pale mstari wa pili, mzima, anatabasamu kwenye duara lake. Mutesi akamgusa, akampeleka mbele, akamshikilia kati ya baba na mama kwa pumzi moja. Viti vikampisha. Akakaa.

Wanawake wakapiga vigelegele. Msichana wa protokoli akamshika Shangazi mkono na kumpeleka mbele kwa fahari. Pazia likafunguliwa, Raïssa akatoka na wasindikizaji wake, uso mkavu kidogo, macho hayamwelekei Muhire. Hayo ni yao, watayamaliza nyumbani. Jovia akaja akamkumbatia Mutesi kwa nyuma akisema wageni wanauliza namba yake ya simu. Mutesi alikuwa na furaha kamili, nzito, ya mtu aliyeshiba. Kwa Muhire hakujuta hata chembe, wala mimi sitamsingizia kwamba alijuta.

Vinywaji vilipoanza kuzungushwa, kabla ng'ombe hawajapitishwa, alimwona Shangazi Épiphanie anakuja kuelekea kwenye skrini. Akaja peke yake, taratibu, akasimama kando yake.

"Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Nilikulia Karagwe, mama."

"Basi Kiswahili iko unasikia. Mimi nilikulia Buyenzi, Bujumbura. Tuongee hivyo, hawa wengine wasichukue maneno." Akaelekeza kidevu kwenye tableti. "Ile ya Muhire ilinitupa. Hii yako ikanirudisha."

"Ndiyo, mama."

"Mimi niko mzee, lakini macho iko. Hii yako ilikuwa na sura yangu ndani. Na ya kaka yangu, na ya watu wote. Ulituweka saa ngapi?"

"Jana."

"Jana." Shangazi akatikisa kichwa kidogo. "Kwa hiyo ulijiandaa kunirudisha kabla sijatupwa."

Mutesi akafuta vumbi kwenye kioo cha tableti.

"Na mstari wa pili, ni nani aliniweka?"

Angeweza kusema ni kosa la picha. Angeweza kumtaja Léonidas. "Mimi, mama," akasema.

Shangazi akatazama wacheza ngoma. Hakuonekana na hasira, na Mutesi aliona afadhali angekuwa nayo. "Yule kijana alikukosea, nimesikia, na ulikuwa na haki juu yake. Mimi nilikukosea nini? Watu mia wamenicheka niko kwenye takataka, siku ya mtoto wangu. Hiyo nayo utairudisha na kidole?"

Aibu ikampanda Mutesi mpaka masikioni. Yeye, aliyeapa kwamba sura ya mtu ni mtu, alimshika mama wa watu na kumsogeza kama kokoto, apate kumpiga nayo Muhire. "Nisamehe, mama," akasema.

"Lete hiyo kitu."

Akampa. Shangazi akaishika mbali na macho, akatafuta. "Wewe uko wapi hapa?"

Mutesi akamwonyesha duara lake dogo, kando ya skrini. Shangazi akaweka kidole chake kinene, kigumu kwa kazi, juu ya sura ile. Mara ya kwanza ikamponyoka. Mara ya pili akaishika vizuri, akaiburuta taratibu kupita mahema, kupita uwanja, mpaka kona ya chini, kulia. Akaiachia chini ya mti, karibu na uzio.

"Mimi sikutupi," akasema. "Utangoja."

Akaondoka na tableti, akaipakata mapajani kwenye kiti chake cha mbele.

Msichana wa protokoli alikuwa amekwisha kutazama skrini. Akaja mbio, mtiifu kama kawaida. "Dada Mutesi," akasema, "unatakiwa kule, kwenye uzio."

Mwosha huoshwa. Mutesi akaenda. Kwenye bustani ya kweli, kona ile haina mti. Ina uzio tu, na jua. Akasimama hapo wakati ng'ombe wanapitishwa na watu wanazisifu pembe zao, na Muhire, ambaye pia alikuwa ameiona skrini, akageuza uso ili kuficha kicheko. Mutesi alimchukia upya, akiwa hapohapo anaona haya. Angeweza kutoka mwenyewe, hakuna aliyemfunga. Lakini yeye ndiye aliyeitengeneza kona ile, na alijua mtu akiwekwa pale anafanya nini.

Akatazama mbele, kwenye mapaja ya Shangazi Épiphanie, akingoja kidole chake.